Ng'ombe wa Chuma wa Mama wa Betri

Ukitaka kumjua mtu aliyewahi kufanya kazi na Mama wa Betri, usimwulize. Mtazame suruali yake kwa nyuma. Ukiona vitobo vidogo vidogo kama imeliwa na mende, huyo ni mwenzetu. Yale maji makali ya betri hayakuchomi papo hapo. Unakalia tone moja bila kujua, unarudi nyumbani na suruali nzima, mkeo anaifua, anaianika, na pale kwenye kamba ndipo vitobo vinafunguka kama macho. Yangu ilikuwa suruali ya kanisani. Mke wangu aliinyanyua juani akaniambia, "Baba Neema, hii sasa ni chekecheke." Kesho yake nikampelekea Mama wa Betri malalamiko. Akasema, "Nilikwambia kifuniko cha betri ni mgongo wa ng'ombe. Nani alikutuma ukalie mgongo wa ng'ombe?"

Jina lake silisemi. Si kwamba nimelisahau, ila kiwandani hakuna aliyelitumia. Hata siku karani alipomwita kwa jina la kwenye kitambulisho, yeye mwenyewe aligeuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa. Alizaliwa wapi, kwa nani, hayo waulizeni watu wa ukoo wake. Mimi nasimulia yale niliyoyaona. Na shule niliishia darasa la pili kule Ukerewe, kwa hiyo mnivumilie nikitoka nje ya njia. Nitarudi.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, mitumba imejaa hadi barabarani, na viwanda vya samaki vinaota ufukweni mwa Mwanza kila ukigeuka. Sangara alikuwa anapanda ndege kwenda Ulaya wakati mimi sijapanda hata treni. Kiwanda chetu kilikuwa upande wa Mkuyuni. Wenye kiwanda wakaleta foklifti mbili zilizokwisha kutumika huko kwao, vile vigari vya meno mawili mbele vinavyonyanyua mizigo. Hizi hazikunywa mafuta, zilikwenda kwa betri, maana ndani kwenye samaki moshi hautakiwi. Moja ilikuwa ya kijivu, nyingine nyeusi. Na betri yake usidhani ni ile ya gari. Ni sanduku la chuma zito kuliko ng'ombe watatu, ndani limegawanywa vyumba vyumba, kila chumba na kizibo chake, na kila chumba kinataka kunyweshwa. Mimi niliendesha Kijivu. Mwenzangu Mabula, Msukuma wa Magu, aliendesha Mweusi, mpaka Mweusi alipokufa kwa kukosa vipuri, tukawa tunapokezana Kijivu kwa zamu.

Mama wa Betri alikuwa na chumba chake nyuma ya kiwanda, chenye madirisha makubwa yasiyofungwa. Humo ndimo Kijivu alilala na kuchajiwa.

Sasa mavazi yake. Jua la Mwanza mnalijua. Yeye alivaa sweta ya sufu, nzito, ya mtumba, yenye picha ya kulungu kifuani, mwaka mzima. Wasichana wa meza ya minofu walimcheka, "Mama, kuna theluji huko kwako?" Siku moja akaweka mezani kitambaa cha pamba na kipande cha sufu, akadondoshea vyote maji ya betri. Kesho yake akavisuuza mbele yetu, pamba ikatoboka, sufu ikabaki inatutazama. "Kulungu wangu huyu," akasema, akijipiga kifuani, "kavumilia kuliko waume za watu." Tangu siku hiyo, kila mtu akienda sokoni kwenye mitumba alitafuta sweta. Ukiingia chumba cha chaji ungedhani umefika Ulaya.

Alijisifu sana, hilo nisifiche. Kila neno lake lilikuwa ng'ombe. Baba yake, alisema, alikuwa na kundi ambalo likianza kupita mlangoni asubuhi, uji unaiva halijaisha. Na yeye ndiye alikuwa mchungaji, mtoto wa kike peke yake porini na fimbo. Kwa hiyo betri kwake haikuwa na siri. Ng'ombe hakamuliwi mpaka tone la mwisho, na betri hivyo hivyo: mshale ukifika kwenye nyekundu, rudisha zizini, hata kama umebakiza mzigo mmoja. Ng'ombe akianza kula hasumbuliwi, na betri ikianza kuchajiwa iache imalize, usiichomoe kila dakika kwa sababu una haraka zako. Maji inapewa baada ya kushiba, siyo kabla. Ukiinywesha kabla ya chaji, ikichemka itatapika, na matapishi yake ndiyo yale yaliyokula suruali yangu.

Maji yenyewe yalikuwa vita. Ziwa lile lote liko pale, unasikia mawimbi yakipiga mawe, na yeye anataka maji ya chupa kutoka dukani. Mimi Mkerewe, mtoto wa maji, jambo hili liliniuma.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Sitaki."

"Sijasema kitu!"

"Unataka kusema ziwa. Ziwa lina chumvi zake, lina tope lake, lina samaki wako wamejisaidia humo. Betri yangu hainywi choo cha sangara."

Maana yeye samaki alikuwa hali. Miaka yote kiwanda cha samaki, mshahara wa samaki, harufu ya samaki mpaka kwenye nywele, na hajala hata mkia! Aliwaita wadudu wa maji. Saa ya chakula sisi tukigombania vichwa vya sangara, yeye anafungua kibuyu chake cha maziwa mgando na ugali wa mtama, anakaa upande upepo unakotoka. Hata kumgusa samaki hakutaka. Mtu aliyemshika sangara hakumpa mkono, alimpa kiwiko. Mabula alimtania, "Mayu, siku ukifa tutakuzika na dagaa." Mayu ni mama kwa Kisukuma. Akamjibu, "Nitafufuka nikuzike wewe kwanza."

Kwenye chumba chake sigara ilikuwa mwiko, kwa sababu betri ikichajiwa inatoa hewa inayowaka. Meneja mwenyewe aliwahi kufukuzwa kwa fagio la maji, sigara mdomoni, na akaenda. Lakini yeye ugoro alivuta kutwa nzima, akipiga chafya mpaka vizibo vinacheza. Ukimwuliza anasema, "Ugoro unawaka moto? Washa tuone." Na nyumbani kwake Buhongwa, mtu huyu aliyelala na kuamka na umeme, hakuwa na taa ya umeme. Aliuogopa. Alisema umeme wa kwenye betri ameufuga, ule wa kwenye nguzo ni wa porini.

Nimesahau mluzi! Mwanamke kupiga mluzi kwetu wanaguna, lakini yeye alipiga, ule wa wachungaji, mrefu, unaopanda halafu unashuka. Aliupiga Kijivu akiingia na akitoka. Mafundi wa barafu walisema anaita nyoka. Mimi nilizoea kiasi kwamba siku asipopiga naona kama sijawasha.

Na kutafuta ugonjwa, hapo ndipo ungempenda. Foklifti ikigoma, sisi madereva tulikuwa tunafungua kila kitu, tunapiga nyundo, tunalaumu betri. Yeye anasema, "Usianze na tumbo. Anza na mkia." Mkia ni ile plagi kubwa inayochomekwa kwenye betri. Imeingia vizuri? Imeungua? Halafu shingo, yaani nyaya zote, anazipitisha kiganjani kama anapapasa mtoto mwenye homa. Kiungo kilicholegea kinapata joto, alisema, kinajisema chenyewe. Kama kuna unga mweupe au kijani kwenye vichwa vya betri, anachovya kitambaa kwenye maji ya magadi, anafuta, povu linatoka, anakausha. Tumbo ni la mwisho. Anafungua vizibo, anaingiza pampu yake ya kioo yenye kiboya ndani, anavuta maji kidogo, anainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, anafumba jicho moja. Kiboya kikielea juu anasema, "Imejaa." Kikizama anasema, "Ana njaa." Mara nyingi hatukufika tumboni. Ugonjwa ulikuwa mkiani.

Shikeni hilo la magadi, maana ndilo lililotaka kutuangusha.

Mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa mkali. Chaja inakatika katikati, Kijivu anaamka nusu tumbo, na mara mbili alizimia mlangoni mwa kontena na mzigo umenyanyuliwa. Meneja alikuwa mtu mzuri, sina la kumsema, ila alikuwa na wateja. Akaja chumbani, bila sigara, akasema, "Mama, kuna foklifti ya dizeli naweza kuipata, ifanye kazi huku nje. Hiki chumba nikifanye stoo ya maboksi."

"Na mimi?"

"Wewe nitakupa meza ya minofu. Kule kuna nafasi."

Jamani! Nilimwona anashika ukuta. Meza ya minofu ni kisu mkono huu na sangara mkono huu, kutwa. Kwa mtu mwingine ni kazi. Kwake ilikuwa kama umemwambia akaoge kwenye matumbo ya samaki. Akapiga chafya, akasema, "Nipe kontena moja. Kijivu akilijaza lote bila kurudi kwenye chaja, tuache hapa. Akizimia, nitashika kisu." Meneja akakubali, wakapeana mkono. Alimpa kiwiko.

Siku nzima ya kabla alimpumzisha Kijivu. Sisi tukabeba maboksi kwa mikono bila kunung'unika, maana kila mtu alikuwa upande wake. Asubuhi ya siku yenyewe nikafika mapema, nikamkuta Mabula mlangoni, amekaa chini, mikono kichwani.

"Vipi, ndugu yangu?"

"Nimemuua Kijivu."

Ndani kulikuwa na povu. Linatoka kwenye vizibo viwili, linachuruzika ubavuni, linachemka kama pombe ya mtama. Mama wa Betri alikuwa anaingia nyuma yangu. Akasimama.

"Mabula. Umeipa nini?"

"Magadi, Mayu."

"Magadi!"

"Kidogo tu. Ng'ombe wetu kabla ya safari ndefu tunawapa magadi, wanakunywa kwa hamu, wanapata nguvu. Na wewe mwenyewe magadi unayo hapa, kila siku nakuona unampaka. Nikasema leo ale kabisa."

Sasa nani angemlaumu? Amesikia ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe, tangu siku ya kwanza. Amelitenda jambo kama alivyofundishwa. Ila magadi yanaua ule ukali wa maji ya betri. Ndiyo maana yanafaa kufutia nje, na ndiyo maana hayafai kabisa ndani. Vyumba viwili alivyovipa vilikuwa vimekwisha. Povu lilipomtisha ndipo akaacha, la sivyo angevilisha vyote.

Mama wa Betri akalitazama povu, akamtazama Mabula, na uso wake ukaanza kukunjamana. Nikajua analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo, sweta inaruka, kulungu anaruka. "Kamlisha magadi," anasema, "kamlisha magadi, jamani, na maneno ni yangu mwenyewe." Tukacheka wote, Mabula machozi yanamtoka huku anacheka.

Akanyanyuka. "Mwiteni fundi wa umeme."

Fundi wa umeme wa kiwanda alikuja, kijana msomi wa Bukoba, mpole. Wakainama pamoja. Mama akauliza, "Kundi likiwa na wawili wagonjwa, si tunawatoa wengine wanaendelea?" Fundi akasema inawezekana. Tutavikwepa vile vyumba viwili kwa waya mnene, umeme upite juu yake, ila mashine itakuwa nyonge kidogo. Waya mnene ulikuwa wapi? Kwa Mweusi, yule marehemu. Mabula ndiye aliyekwenda kuufungua, huku anamwomba radhi.

Meneja alipoambiwa akasema, "Mama, hii si haki, tuahirishe." Kwa kweli alisema hivyo. Yeye akajibu, "Leo leo. Samaki wako hawaahirishi." Sijui kama ulikuwa ushujaa au kiburi. Nadhani vyote.

Akanipa masharti. "Mizigo mizito na ya mbali kwanza, akiwa na nguvu. Usinyanyue huku unatembea. Usikanyage ghafla. Kwenye mteremko wa mlangoni mwache ashuke mwenyewe." Halafu akafanya jambo ambalo silisahau. Akatembea pembeni yangu. Safari zote, kutoka chumba cha baridi mpaka kontena, mkono mmoja kwenye ubavu wa Kijivu, anapiga mluzi. Wasichana wa meza ya minofu walitoka na visu vyao na aproni zao. Wavunja barafu wakaacha barafu. Mwanzoni Kijivu alikwenda vizuri. Kontena lilipofika nusu akaanza kuguna. Lilipobaki kidogo nikaona mshale umeshuka mpaka jirani na nyekundu, nikamwambia, "Mama, ng'ombe anachoka."

"Shika njia yako."

Paleti ya mwisho ya maboksi ilipandishwa polepole mpaka nikasikia kila pini ya mnyororo ikilia. Nikaingia kontenani, nikashusha, nikarudi nyuma. Pale mlangoni, meno matupu, Kijivu akasimama. Tii! Kimya. Meneja akaangalia ndani ya kontena, akaangalia Kijivu.

"Amezimia," akasema.

"Amemaliza," akasema Mama wa Betri. "Mtu akimaliza kazi, anakaa."

Kelele zilizopigwa pale nadhani zilifika Igoma. Meneja mwenyewe alicheka, akavua kofia. Tukamsukuma Kijivu kwa mikono mpaka chumbani, wanawake wanaimba, Mabula mbele. Chumba kikabaki, na yeye hakushika kisu. Baadaye vyumba viwili vikapata maji mapya makali, Kijivu akapona. Na kopo la magadi likaandikwa kwa rangi nyekundu, NJE TU, ingawa Mabula kusoma hakujua. Yeye akachorewa ng'ombe aliyekatwa kwa mistari miwili iliyopishana.

Alipostaafu tulichangishana tukamnunulia mtamba. Wa kijivu, tulimtafuta rangi hiyo mpaka mnadani. Nani asingemnunulia ng'ombe mtu kama yule? Alitokwa machozi, akashukuru, akasimama nyuma ya Mabula muda wote wa hotuba. Sikulifikiria.

Baada ya miaka nilikwenda Buhongwa kumwona. Mguu mmoja ulikuwa unamsumbua, meno yamepungua, sweta ya kulungu ipo, viwiko vimetoboka. Nikamsalimia shikamoo, akaitika, lakini macho yako zizini. Ng'ombe alikuwa amezaa, chuchu zimejaa mpaka zinadondosha, ndama analia kwenye kibanda.

"Jirani anayemkamua amekwenda msibani," akasema. "Tangu asubuhi."

"Sasa si umkamue wewe, Mama?"

Akapiga chafya bila ugoro. Akatazama pembe za yule ng'ombe, akanitazama mimi, na uso ukaanza kukunjamana kama siku ile ya povu.

"Baba Neema, mimi ng'ombe namwogopa."

"Nani?"

"Mimi. Tangu mtoto. Waliochunga ni kaka zangu. Mimi nilikuwa nawapelekea uji, nawasikiliza jioni wakisimulia, nimepanda juu ya ua. Mluzi niliuiba kwao."

Nilikaa chini. Miaka yote ile! Migongo, mikia, matumbo, kundi la baba yake linalopita mpaka uji unaiva!

"Na Kijivu je? Na yote uliyotufundisha?"

"Betri haina pembe, mwanangu."

Tukacheka mpaka ng'ombe akageuka kututazama. Lakini ndama alikuwa analia, na mimi ni mtoto wa wavuvi, ng'ombe ninamjua kwenye sahani. Nikasema, "Haya Mama, twende kama kazini. Tuanze na mkia."

"Mkiani ndiko kwenye mateke! Huyu tuanze na shingo."

Nikamshika ng'ombe shingoni. Tukamleta ndama akaanza kunyonya, kisha tukamvuta pembeni. Mama wa Betri akakunja mikono ya sweta, akasogea kwa ubavu ubavu, akaweka kiganja chake ubavuni mwa yule ng'ombe, mahali pale pale alipokuwa anakiweka kwa Kijivu. Akapiga mluzi. Ule mrefu, unaopanda halafu unashuka. Ng'ombe akatulia. Maziwa ya kwanza yakagonga sufuria, kelele yake kama mvua ya kwanza kwenye bati, na yeye akapiga ukelele akaruka nyuma, akarudi, akaendelea. Alipofika karibu na mwisho nikamwona anaacha.

"Bado yamo," nikasema.

"Hakamuliwi mpaka tone la mwisho. Nimekwambia mara ngapi?"

Akamwachia ndama. Akamimina maziwa kwenye glasi, akainyanyua kwenye mwanga, akafumba jicho moja, akaisoma kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta kiboya humo ndani.

"Imejaa," akasema, akanipa ninywe.